Naomba ushauri: nimpateje mwalimu binafsi wa piano anayejua kufundisha kweli?

mama_wa_Tabata ameandika:

Habari za jioni wakuu.

Binti yangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Tangu mwaka jana, tukitoka kanisani anakimbilia kinanda cha mjomba wake na kuanza kutafuta kwa kidole kimoja wimbo aliousikia kwenye ibada, na anaupata. Hakuna aliyemfundisha. Baba yake akaguswa, akamnunulia Yamaha ya vitufe 61 pale Kariakoo. Sasa tunataka mwalimu wa kuja nyumbani Jumamosi.

Nimeletewa wawili. Wa kwanza ni mpiga kinanda wa kwaya ya jirani. Akipiga, kanisa zima linasimama. Hana cheti chochote, anasema alijifunza mwenyewe, na anataka elfu kumi na tano kwa kipindi. Wa pili ni kijana aliyeletwa na mfanyakazi mwenzangu. Ana cheti cha Gredi 8 kutoka bodi ya Uingereza, anaongea vizuri sana, anataka elfu arobaini kwa saa na malipo ya miezi mitatu mbele.

Mimi na mume wangu hatujui muziki hata chembe. Nitajuaje nani mwalimu na nani si mwalimu? Nimuulize nini? Mtoto ana hamu kubwa, na ninaogopa akianza na mtu asiyefaa ataichukia piano kabisa.

Natanguliza shukrani.

mdau_wa_Ubungo:

Mkuu, chukua mwenye cheti. Kama pesa ipo usihangaike. Huyo wa kwaya atamfundisha mazoea yake, na baadaye utalipa mara mbili kumnyoosha.

mwalimu_piano_Arusha:

Dada yangu mleta mada, hongera kwa kusikiliza anachokifanya mtoto. Nafundisha piano hapa Arusha, ndiyo kazi inayolisha nyumba yangu, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu. Sikubaliani na mdau hapo juu, na pia simtetei moja kwa moja huyo wa kwaya.

Unamtafuta mwalimu, humtafuti mpigaji. Wapigaji wazuri nchi hii wamejaa, hasa kwenye kwaya zetu. Kwa hiyo usimwambie yeyote kati ya hao wawili akupigie tu wimbo anaoutaka mwenyewe, maana wote watakufurahisha na hutakuwa umejua chochote. Mwambie: naomba nimwone mwanafunzi wako. Awe mtoto aliyeanza naye kutoka sifuri na amekaa naye angalau mwaka mzima. Nenda umsikilize, hata kama ni dakika kumi, hata kama ni kwa video aliyorekodi mzazi wa huyo mtoto. Mwalimu aliyefundisha kweli hatakosa wa kukuonyesha. Asiye na hata mmoja, si lazima awe mbaya, huenda ndiyo anaanza kazi, lakini bei yake iwe ya mtu anayeanza.

Ukimpata huyo mwanafunzi, huhitaji kujua muziki. Tazama mabega: yamepanda hadi masikioni au yametulia? Vidole vimejikunja kidogo au vimelala bapa? Halafu mfungulie ukurasa wa kitabu chake ambao bado hajafika, umwombe ajaribu polepole. Kama anaweza kupapasa mistari miwili mwenyewe, amefundishwa kusoma. Kama anasema "hiyo bado sijaonyeshwa" na anainua mikono, basi amekaririshwa nyimbo. Wapo watoto wana nyimbo sita wanazopiga vizuri mbele ya wageni na hawawezi kujifunza ya saba bila mwalimu kukaa pembeni.

Hatua ya pili ni somo la majaribio nyumbani kwako, na wewe uwepo sebuleni, usijifanye una kazi jikoni. Mwalimu mzuri hataanza na kinanda. Ataanza na namna mtoto alivyokaa. Kiwiko kiwe karibu usawa wa vitufe. Binti wa miaka minane kwenye kiti cha kulia chakula miguu yake inaning'inia, na mwalimu makini atauliza kama kuna kistuli au hata boksi la kuweka chini ya nyayo. Atamfundisha kuhesabu vidole, gumba ni namba moja, kidole kidogo ni namba tano, kwa mikono yote miwili. Baada ya hapo ataanza na jambo dogo sana, pengine vitufe vyeusi viwiliviwili na vitatuvitatu, ili mtoto ajue kuipata C ya katikati (noti ya C iliyo katikati ya kinanda) bila kubandika stika.

Kisha subiri mtoto akosee. Hapo ndipo penye jibu lako. Kuna mwalimu ambaye kila kosa atasema "sogea nikuonyeshe", atapiga yeye, tena kwa mbwembwe, halafu "haya, sasa wewe". Saa ikiisha, yeye amepiga dakika arobaini na mtoto ishirini. Mwingine atasema: mkono wa kulia peke yake, noti hizi tatu tu, polepole, tena, tena, sasa ongeza ya nne. Hagusi kinanda sana. Huyo wa pili ndiye wa kulipa. Na kabla hajaondoka atakuwa ameandika kwenye daftari zoezi la wiki, kwa maneno ambayo wewe usiyejua muziki unaweza kumsimamia nayo mtoto: "mstari wa kwanza, mkono wa kushoto, mara tano kila siku, hesabu kwa sauti". Asipoacha maandishi, hiyo Jumatatu hadi Ijumaa itapita bure, kwa sababu muziki haujengwi Jumamosi. Unajengwa katika zile dakika kumi na tano za kila jioni ambazo mwalimu hayupo.

Sasa tuwaangalie hao wawili.

Wa kwaya: kuna jaribio moja ambalo hata asiyejua muziki anaweza kulisimamia. Wapiga kinanda wengi wa kanisani wamejifunza kupiga kwenye Do = C tu, yaani Do ikianzia kwenye noti ya C, ambako vidole vinakaa karibu muda wote kwenye vitufe vyeupe. Kwaya ikitaka wimbo upande, wanabonyeza transpozi, kinanda kinapandisha sauti chenyewe na mikono haijahama. Kwenye ibada haina ubaya, wimbo unatoka vizuri na waumini wanaimba. Lakini mwalimu wa namna hiyo hawezi kumfundisha mtoto ngazi nyingine, yaani zile noti zikipangwa kuanzia mahali pengine. Mwombe apige wimbo wowote wa kanisani anaoujua kwenye Do = C, halafu kwenye Do = D, bila kugusa transpozi. Tazama mikono. Kwenye D lazima vidole vigonge vitufe vyeusi viwili tofauti, F iliyopandishwa na C iliyopandishwa. Kama sauti imepanda lakini mikono imebaki palepale kwenye vyeupe, angalia kiskrini cha kinanda, utaona namba ya transpozi imebadilika.

Jambo lingine kwake ni nota. Kwaya zetu nyingi zinasoma sol-fa, zile d, r, m, f, s, l, t na vituo vyake katikati. Ni mfumo mzuri mno kwa sikio. Mtoto aliyelelewa na sol-fa anaimba sauti ya tatu bila kutafuta, na mimi mwenyewe natumia kila wiki kufundisha kusikiliza. Lakini vitabu vya piano vimeandikwa kwa mistari mitano, mkono wa kulia juu na wa kushoto chini, na mitihani yote ya piano iko hivyo. Muulize kama anasoma mistari mitano. Kama hasomi na wewe unataka binti siku moja apige kanisani tu na kufurahi, huyo anaweza kukufaa sana, tena kwa bei nzuri, na atampa kitu ambacho wenye vyeti wengi hawana, yaani kumfuata mwimbaji aliyeanzisha wimbo bila kutaja ufunguo. Kama unataka mtoto afike mbali kwenye piano yenyewe, hatatosha peke yake.

Wa Gredi 8: nadhani cheti chake ni cha ABRSM au Trinity, hizo ndizo bodi za mitihani ya muziki za Uingereza tunazokutana nazo sana huku. Gredi 8 ni ya juu kabisa katika gredi zao na haipatikani kwa bahati, mheshimu kwa hilo. Lakini Gredi 8 hupima kupiga. Haina swali hata moja la namna ya kumfundisha mtoto. Diploma za kufundisha zipo tofauti, mfano LTCL ya Trinity upande wa ualimu, na ni wachache walio nazo.

Mwombe akuonyeshe si cheti tu bali na ile karatasi ya maoni ya mtahini. Kwa ABRSM mtihani wa kawaida una alama 150: vipande vitatu vya muziki alama 30 kila kimoja, ngazi alama 21, kusoma papo kwa papo alama 21, na mtihani wa sikio alama 18. Kufaulu ni 100. Ukiona vipande vimepata juu na kusoma papo kwa papo kuko chini, ujue huyo alikaririshwa vizuri, na kuna hatari akakaririsha na yeye. Tangu 2020 pia kuna mtihani wa aina nyingine unaofanyika kwa kurekodi video, vipande vinne mfululizo, bila ngazi na bila kusoma papo kwa papo. Ni cheti halali kabisa, ila hakisemi kama anasoma muziki mpya kwa haraka. Na ABRSM haimruhusu mtu kuingia Gredi 6 kwenda juu bila kufaulu nadharia ya Gredi 5 au mbadala wake unaokubalika, kwa hiyo muulize hiyo nadharia aliifanya lini na amtajie mtoto noti za mistari mitano hapohapo.

Wengine watakuonyesha usajili wa BASATA, baraza la sanaa la taifa. Usajili huo unamtambua kama msanii, si ushahidi wa ualimu. Aliyesoma TaSUBa Bagamoyo, Makumira au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ana msingi mzuri, lakini hapo pia muulize ala yake kuu ilikuwa ipi. Mtu anaweza kuwa na shahada ya muziki na ala yake ikawa ngoma au sauti, na piano aliipitia muhula mmoja.

Samahani kwa urefu. Hili jambo linanigusa, maana kila mwaka naletewa watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, wenye sikio la ajabu na vidole vilivyokakamaa, na kazi ya mwaka wa kwanza inakuwa kubomoa.

udi_na_fidla (Unguja):

Asalaam alaykum. Mwalimu wa Arusha kasema maneno ya maana, mie naongeza la upande wetu.

Mama, mtizame mwanao anapenda muziki gani. Kwetu huku mtoto anaweza kusema ataka fidla, na mzazi akamletea mwalimu wa fidla aliyesomea muziki wa Kizungu, kumbe mtoto alichokisikia ni taarab. Fidla ni ileile, kazi si ileile. Mwalimu wa Kizungu ataifunga nyuzi sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa mtindo wa Kiarabu huzifunga sol, re, sol, re, na kuna sauti za robo ndani ya rasti na bayati, ngazi za Kiarabu, ambazo kwenye piano hazipo kabisa. Mwalimu asiyezijua atamwambia mtoto umekosea, na mtoto kapiga sawa.

Anayetaka udi, ganuni au fidla ya taarab, aulizie watu wa Dhow Countries Music Academy hapa Mji Mkongwe, ama aende kwenye mazoezi ya klabu kama Ikhwan Safaa ama Culture akae asikilize. Wazee wa klabu watakwambia wenyewe nani anafundisha na nani anapiga tu. Wao hawafichi.

mzazi_wa_Nairobi:

Hamjambo. Mimi niko Kenya, mvulana wangu anajifunza piano mwaka wa tatu sasa. Nataka kusema jambo ambalo halijaguswa: mtoto anabaki na mtu mzima asiye wa familia, kila wiki, kwa saa nzima. Hapa kwetu nilimwomba mwalimu cheti cha mwenendo mwema, ile ya DCI, idara ya upelelezi, na hakukasirika. Alikuwa nayo tayari kwenye simu. Mwalimu mwingine kabla yake aliniambia mimi namshuku kama mhalifu. Nikaachana naye siku hiyohiyo.

Kinanda chetu kiko sebuleni, mlango haufungwi, na mtu mzima wa nyumba yuko karibu. Mwalimu wa piano hulazimika kugusa kiganja au kiwiko cha mtoto kumrekebisha, hilo ni kweli, lakini mwalimu wetu humwambia kwanza "naweza kushika mkono wako nikuonyeshe?" na mtoto anajua anaweza kusema hapana. Ukiona mwalimu anataka chumba cha peke yake ili mtoto asisumbuliwe, usikubali hata kama ana shahada tatu.

Kwa wa Nairobi wanaosoma hapa, ukikosa wa kumwamini anza na Kenya Conservatoire of Music. Iko tangu 1944, na walimu wake wanajulikana kazi zao.

mama_wa_Tabata:

Jamani, nimeshukuru sana. Nimesoma mara mbili na mume wangu amesoma.

Mrejesho: nimempigia wa kwaya. Amekubali jaribio la Do = C na Do = D bila kusita, amesema "njoo Alhamisi kwenye mazoezi uone mwenyewe". Nimekwenda. Vidole vimegusa vyeusi, na transpozi nimeiangalia, ilikuwa sifuri. Lakini nilipomuuliza mistari mitano amesema kwa uwazi anasoma kwa shida, yeye ni mtu wa sol-fa na sikio.

Wa Gredi 8 amenionyesha wanafunzi wawili kwa video, wazazi wao nimeongea nao kwa simu. Mmoja anamsifu, mwingine amesema ni mzuri ila anaahirisha sana. Nilipoomba somo la majaribio la bure amekataa, amesema muda wake ni kazi. Je, hiyo ni dalili mbaya? Na hiyo miezi mitatu mbele nifanyeje? Halafu kinanda chetu cha vitufe 61 kinatosha, au ndiyo tumeshapoteza pesa?

Za usalama nimezipokea. Wote nitawaomba namba ya NIDA na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa wanakoishi, na kinanda kinahamia sebuleni.

mwalimu_piano_Arusha:

Dada, umefanya kazi nzuri kuliko wazazi wengi ninaowajua.

Kukataa somo la bure si dalili mbaya. Amepanda daladala mbili, amekaa saa nzima, ana haki ya kulipwa. Mlipe hilo somo moja kwa bei yake kamili, bila ahadi ya somo la pili, na umwambie hivyo kabla hajaja. Kama anakataa hata la kulipwa mpaka umpe miezi mitatu, hapo mwache. Malipo ya kwanza yasizidi mwezi mmoja. Miezi mitatu mbele kwa mtu ambaye mtoto bado hajakaa naye, mimi siungi mkono, na mimi mwenyewe siwatozi hivyo wazazi wangu.

Kuhusu kuahirisha, usilichukulie kama jambo dogo. Mtoto wa miaka minane akikosa Jumamosi mbili mfululizo anasahau hata namna ya kukaa. Andikeni karatasi moja ya makubaliano, isiwe ya kisheria sana: siku na saa, bei, somo likiahirishwa na mwalimu linafidiwa lini, likiahirishwa na nyinyi chini ya saa 24 linahesabiwa, na upande wowote ukitaka kuacha utoe taarifa wiki ngapi. Nani ananunua vitabu nalo liandikwe, kwa sababu vitabu halisi vya gredi ni ghali na wengine huleta fotokopi zilizofifia ambazo mtoto hatofautishi noti na doa la wino.

Kinanda hamjapoteza pesa. Vitufe 61 vinatosha kwa mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, kama vinaitikia nguvu ya kidole. Jaribu hivi: bonyeza kitufe kimoja taratibu sana, kisha kwa nguvu. Sauti ikitofautiana, endeleeni nacho. Ikiwa ileile, muulize mwalimu kama kuna mahali pa kuwasha huo uwezo, kwenye baadhi umezimwa tu. Kama haupo kabisa, mtoto hatajifunza kupiga kwa upole, na hapo anzeni kuweka akiba ya kinanda kingine. Piano kamili ina vitufe 88, na vizito. Hamhitaji leo.

Kilichobaki ni kama kweli lazima uchague mmoja. Kwa maelezo yako, huyo wa kwaya ana sikio, anapiga kwenye funguo tofauti, na amekuwa mkweli kuhusu asichokijua. Ukweli huo nauthamini sana kwa mwalimu. Wa Gredi 8 ana kusoma na ana wanafunzi wa kuonyesha. Somo la majaribio likienda vizuri, mpe wa Gredi 8 kila Jumamosi ya pili, saa moja, afundishe mkao, vidole na kusoma mistari mitano. Jumamosi za katikati mpe wa kwaya kwa elfu kumi na tano, waimbe na kupiga kwa sikio, na asimamie zoezi lililoandikwa kwenye daftari. Wote wawili waandike kwenye daftari moja. Kwa mwezi utatumia pungufu ya kumlipa wa Gredi 8 peke yake, na mtoto hatanyang'anywa kile alichokuja nacho mwenyewe.

Ila wakutanishe kwanza, hata kwa simu, wakubaliane namba za vidole. Mmoja akimwambia mtoto kwenye ngazi ya C gumba linapita chini baada ya noti ya tatu, na mwingine akamwambia baada ya nne, mtachanganyikiwa nyote.

mama_wa_Tabata:

Sikuwahi kufikiria kuwachukua wote wawili. Mume wangu ameshapiga hesabu: elfu themanini na elfu thelathini kwa mwezi, badala ya laki na sitini. Wa Gredi 8 amekubali somo moja la kulipwa Jumamosi hii saa nne asubuhi. Wa kwaya nimemweleza mpango huu, amesema yeye naye atakuja aone mwenzake anavyofundisha, kwa sababu na yeye anataka kujifunza mistari mitano. Nimemuuliza wa Gredi 8 kama ana neno, amesema hana.

Fundi wa mtaani ananitengenezea kistuli cha miguu kesho.

mdau_wa_Ubungo:

Mkuu, nimebadili mawazo. Hiyo ya karatasi ya maoni ya mtahini nami nakwenda kumwomba mwalimu wa kwangu.